Doto Anajiita Mwenyewe

Maskati

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua umeshaitika marahaba hata kabla hujakaa, halafu ukauliza kwa nini huyu binti anahangaika na karatasi wakati simu ipo. Subiri, nitakueleza. Kwanza niambie goti linaendeleaje, na ile dawa ya kuchua niliyokutumia umeitumia au umempaka mbuzi. Kuku je, wamepona kideri? Alizeti mmeshavuna au ndege wamewatangulia? Mimi mwili ni mzima. Joto la huku halina adabu, nguo zinakauka wakati bado natafuta vibanio. Mwenye nyumba si mtu mbaya, ila kazi haiishi, na pasipoti yangu imo kabatini kwake mpaka mkataba utakapokwisha.

Barua hii anakuletea Mwajuma, yule dada wa Itigi niliyefahamiana naye huku. Yeye amemaliza mkataba wake, anarudi nyumbani. Nimemwomba afike mpaka Kiomboi akukabidhi wewe, au Elia mdogo wangu, basi. Tafadhali mama, usimpe Doto akusomee. Nayajua macho yako, na najua ulivyozoea kumwita huyo mjukuu wako akusomee kila kitu, hata pakiti ya chumvi. Mpe Elia. Ndiyo maana sikuandika kwenye simu. Simu siku hizi ni ya Doto, na kila ninachotuma anakisoma yeye kwanza.

Haya. Elia amenisimulia yote. Kwamba ulikuwa jikoni unasonga ugali, ukasikia sauti ya Kulwa chumbani inaita, "Doto, njoo tucheze!" Ukaacha mwiko kwenye sufuria, ukatoka mbio mpaka kwa majirani, na goti hilo hilo. Kwamba akina mama wa kanisani wamekuja kuombea nyumba, na sasa wanasema simu ichomwe moto.

Mama, Kulwa wangu hayumo kwenye simu. Angekuwa yumo, mimi ningeshaingia humo kumfuata. Sikiliza. Mtoto wa nyumba hii ana kishkwambi chenye michezo ya watoto. Niliona inavyomfundisha, nikamwambia Elia aiweke kwenye ile simu niliyowatumia. Upo mchezo wa herufi zinazodondoka, mtoto anazikamata kwa kidole anaunda neno. Huo ndio uliomfanya Doto asome kabla ya wenzake wa darasa la awali. Upo wa kuchora. Na upo wa paka. Huyo paka ukimwambia neno anakurudishia lile lile kwa sauti nyembamba, hana zaidi. Ukimtukana, anakutukana. Mwamkie uone. Badala ya kuitika marahaba na yeye atakuamkia, mwehu yule. Wale pacha walikuwa wanamgombania wote wawili, umesahau? Mpaka ukawa unaificha simu kwenye debe la unga.

Sasa mama, paka hawezi kusema "Doto, njoo tucheze" mpaka mtu amwambie. Nilipolielewa hilo niliketi chini pale pale jikoni kwa watu. Anayesema ni Doto. Analitaja jina lake mwenyewe, kisha anatulia, ili paka amwite. Na ile sauti nyembamba ni Kulwa kabisa, maana wale watoto hata mimi niliyewazaa walikuwa wananichanganya wakiniita kutoka nje. Usijione mjinga kwa kukimbia. Hata mimi ningekimbia, ila ningekimbilia ndani.

Nakuja kwenye lililonifanya niandike, na kama nitakukwaza unisamehe. Siku mliyomzika Kulwa pale kwenye kona ya shamba, karibu na kaburi la baba, Doto mlimpeleka kwa jirani. Aliporudi akauliza mwenzake yuko wapi, ukamwambia amepanda ndege, amekwenda kwa mama. Sikulaumu. Kwetu watoto ndivyo wanavyoambiwa. Mimi babu alipofariki niliambiwa amekwenda Singida mjini kununua viatu, nikawa nashangaa hivyo viatu ni vya namna gani. Lakini mama, wewe ulimtuma Kulwa kwangu, na anayepigiwa simu ni mimi. "Mama, mpe Kulwa niongee naye." Nikasema amelala. Siku nyingine nikasema anaoga. Jamani! Mtoto ambaye hata maiti yake sikuiosha, namwogesha kwa mdomo kila wiki.

Juzi Doto amechora ndege kwenye simu, Elia akanitumia. Dirishani kuna mtoto mwenye gauni la njano. Chini, karibu na kuku wako, amesimama mwingine mwenye gauni lile lile, ila hana mdomo. Nilipompigia nikamuuliza, mbona huyu hana mdomo?

"Huyo mimi. Nimenuna."

Nikacheka. Nikamwambia, umenuna nini na wewe, nani kakuudhi?

"Kwa nini ulimchagua Kulwa?"

Nilikata simu, mama. Baadaye nikasingizia mtandao. Mtoto wangu anaamini kwamba niliambiwa nichukue mmoja, nikamchukua mwenzake, yeye nikamwacha. Anakwenda shule nalo, anakula nalo, analala nalo. Wewe unaogopa atalia akijua pacha wake amekufa. Na alie! Atalia, atanyamaza. Lakini akikua akijua kwamba mama yake hakumtaka, hilo nani atakuja kulitoa moyoni mwake?

Kwa hiyo naomba mambo yafanyike hivi. Simu isichomwe. Akina mama wa kanisani waambie nawashukuru sana kwa maombi, na kama hawaniamini wamkemee huyo paka, wataona anavyowakemea na wao. Doto mwambie wewe, akiwa mapajani kwako, usitafute maneno ya kuzunguka. Mimi nimejaribu kwa simu nikaishia kumuuliza habari za kuku, na hata ningeweza, akilia mkono wangu haufiki huko. Kisha mpeleke kaburini. Jina la kwenye msalaba atalisoma mwenyewe, usimsaidie. Na paka usimnyang'anye siku hiyo hiyo, maana hayo yatakuwa mawili kwa mpigo.

Nisalimie Elia, mwambie apunguze mwendo na hiyo bodaboda yake, sina machozi mengine. Nisalimie shangazi na vijana wote waliochimba kaburi, ambao sikuwapikia hata uji. Baba yao watoto akipita hapo akitoka machimboni mpe chakula, usimgombeze. Na yeye amezika. Wewe mama Mungu akushike, kula vizuri, usibebe ndoo kichwani.

Ni mimi binti yako,
Mama Kulwa

Hapa chini nimeandika kwa herufi kubwa na maneno mafupi. Ukishamwambia, kata kipande hiki, umpe. Usimsomee.

DOTO MWANANGU,
KULWA HAKUJA KWA MAMA. KULWA ALIUGUA, AKAFA. AMELALA SHAMBANI, KARIBU NA BABU.
NILISEMA ANAOGA. NILIKUDANGANYA. NISAMEHE.
MAMA HAKUMCHAGUA KULWA. MAMA ANAWATAKA WOTE WAWILI.
PAKA AKIKUITA, HIYO NI SAUTI YAKO.
UKITAKA KUITWA, NIPIGIE. NITAKUITA MIMI.
MAMA