Baba wa Televisheni

Kaka Masanja,

Wewe umetulia zako huko Misungwi, mimi huku nachemka kwa hasira. Ungekuwepo haya yasingetokea, kwa hiyo na wewe nimekukasirikia.

Siku hizi mji wetu una televisheni yake. Ina kipindi cha kuhimiza wazazi wasome na watoto wao, wasiwaachie walimu kila kitu. Kipindi kizuri, sikatai. Wakaja kurekodi shuleni kwa Kabula wako, na mwalimu akamchagua yeye, maana darasani hakuna anayemfikia kwa kusoma. Si wewe uliyemfundisha kwa vipande vya magazeti ya kufungia maandazi? "Soma kwanza, ndipo ule." Mtoto analia, wewe unacheka.

Basi nikavaa kitenge changu kizuri, nikaenda. Mwenyekiti wa kamati ya shule, yule mwenye duka la redio hapa Mabatini, akanitazama juu mpaka chini. Eti nauza dagaa, nitanuka. Jamani! Televisheni inatoa harufu? Akakaa yeye kwenye kiti cha mzazi, na suti yake, na binti yako akaambiwa amwite baba. Na watoto wake mwenyewe anawasomesha Uganda!

Kabula alisoma vizuri mno, kaka. Mtaa mzima ulijazana mbele ya duka la huyo bwana kutazama. Mimi nilisimama nyuma kabisa, nalia, sijui kwa furaha au kwa uchungu.

Balaa likaja baadaye. Mtoto akakataa kusoma na mimi. Eti nasoma polepole, anamngoja baba wa televisheni. Kila jioni yuko mlangoni na kitabu chake. Nikabembeleza, nikafoka, wapi! Mwisho nikamshika mkono mpaka dukani. "Shikamoo mwenyekiti. Mwanao huyu hapa, someni." Akacheka mbele ya wateja. "Mama, ile si ilikuwa televisheni tu?"

Tulipofika nyumbani Kabula akaniuliza, "Shangazi, kumbe baba harudi?"

Masanja, tangu tukuzike mtoto huyu hakuwahi kukulilia. Watu walimsifu kwamba ni jasiri, nami mjinga nikaamini. Siku hiyo alilia mpaka usingizi ukamchukua mapajani kwangu, na mimi nikalia naye. Ningekupata ningekuchapa.

Sasa sikiliza. Kamati ya shule inachaguliwa upya, na mimi nagombea, wapende wasipende. Mzazi wa Kabula akiitwa tena, atakayesimama ni mimi. Na kila jioni nitasoma naye, nakuahidi. Jana tulianza. Nilikwama kwenye neno refu, akaweka kidole chake pale pale, akanisubiri mpaka nikalimaliza.

Pumzika, kaka yangu. Mtoto ninaye.

Mdogo wako,
Nyamizi