Safari ya Marekani bila Rahma

Ijumaa, baada ya isha

Basi Rahma haendi tena. Kanipigia asubuhi, na sauti yake ilishanambia kabla hajasema.

"Mume wangu kabadilisha mawazo, hataki. Usinikasirikie, shoga yangu."

Nikamwambia sina kinyongo. Uongo. Visa tumepata sote wawili, tiketi tumeshakata, na fikra ya kuivuka Marekani kwa gari, kutoka Chicago mpaka California, ilikuwa yake tangu tuko skuli.

Mama kauliza, "Gari ikikuharibikia huko jangwani, utamwita nani, mwanangu?"

Nna miaka arubaini na tatu, sina mume, na sijapata kulala hotelini peke yangu.

Mchana nikaendesha mpaka mji wa Sur na kurudi, nijijaribu. Kuendesha naweza, na kule pia wanapita kulia kama huku nchi za Kiarabu. Kilichonishinda ni ukimya. Kila nikipita mlima mzuri nataka kumuonesha mtu, halafu...

Njiani nikasimama kununua chai ya karaki, ile ya maziwa na iliki. Muuzaji akaja dirishani, akauliza vikombe vingapi. Nikasema viwili. Niliona haya kusema kimoja.

Nikavinywa vyote mwenyewe, cha pili kimeshapoa.

Niliporudi nyumbani Mabela nikafungua kompyuta, nikalifuta jina la Rahma kwenye fomu ya gari tuliyokodi kule. Nnaogopa, wallahi nnaogopa.

Tiketi yangu sikuigusa.