Cherehani ya Dansi

Dada Nekesa,

Habari za hapo Masafu? Binti yangu Nabwire anakusumbua sana? Sisi huku Tororo tuko salama, mvua tu kila mchana.

Dada, jana mimi na Baba Nabwire tulishindana kucheza walsi, ile dansi ya kushikana na kuteleza. Zawadi ilikuwa cherehani. Wewe unajua nilivyochoka kumwacha mtoto nikalime mashamba ya watu.

Waamuzi walikuwa watano, na kila mmoja anaipa kila jozi nafasi yake. Wa kwanza anaandikiwa moja. Ubaoni sisi tukapata moja, moja, moja, nne, nne. Wenzetu kutoka Mulanda wakapata mbili, mbili, mbili, moja, moja. Nikajumlisha kwa sauti kama magunia ya pamba kwenye mizani: sisi kumi na moja, wao nane. Mwenye kidogo ndiye bora, basi wamekuwa mbele yetu! Nikavua viatu vya kuazima, nikashika njia ya mlangoni na machozi yangu.

Mwandishi wa ubao akaniita, "Mama, unakwenda wapi peku? Hapa hatupimi pamba! Tunatazama waamuzi walio wengi. Watatu kati ya watano wamewaweka ninyi wa kwanza. Rudi!"

Cherehani nimeipokea peku, ukumbi mzima ukicheka. Baba Nabwire anasema ameoa bingwa asiyejua hesabu.

Jumamosi naileta kwa basi. Mbusu Nabwire shavuni, umwambie kwamba mama yake sasa atafanya kazi huku anamwona.

Mdogo wako akupendaye,
Auma