Kitufe cha ln

Jumatatu, 3 Machi
Sampuli kumi na mbili kabla ya chai. Kikokotoo cha zamani cha maabara kimekufa, nimepewa kipya. Nikamaliza na juisi ya Ijumaa: vijidudu kabla ya kuchemshwa, vijidudu baada. 480,000 kugawanya kwa 3,000, logi yake, ndicho kipimo cha vijidudu vilivyokufa. 5.08. Inayotakiwa ni tano au zaidi. Imepita.

Mama Nekesa, anayeendesha mashine ya kuchemshia, alikuja hadi mlangoni. "Mami, hiyo ya Ijumaa sina raha nayo. Joto halikupanda vizuri." Nikamwonyesha karatasi. Akacheka. "Haya. Kama karatasi imeonja, mimi ni nani?"

Nikatia sahihi.

Jumanne, 11 Machi
Juisi ya ile Ijumaa imerudishwa kutoka madukani. Chupa zimefura. Meneja alisimama uani akauliza mashine ilikuwa mikononi mwa nani. Swali moja tu. Karatasi yangu ilikuwa safi, kwa hivyo kosa likawa la Mama Nekesa: eti alipunguza moto baada ya sampuli kuchukuliwa. Miaka kumi na moja kazini. Alipewa barua ya kufutwa kabla ya chakula cha mchana. Hakunitazama.

Nilimwonea huruma. Nikajiona mwema kwa kumwonea huruma.

Jumatano, 12 Machi
Ni mimi.

Nimerudia hesabu. Kwenye kikokotoo cha zamani, log ilikuwa pale ilipo ln sasa. Kidole changu kinajua mahali, hakisomi. Nilichoandika ni logi ya msingi wa e. Tunayotumia ni ya msingi wa kumi. Gawanya 5.08 kwa 2.303, unapata 2.2. Huo ndio ukweli wa ile juisi.

480,000 kugawanya kwa 3,000 ni 160. Tarakimu tatu. Logi yake ya msingi wa kumi haiwezi kufika hata tatu. Nilifundishwa hilo shule ya upili. Lakini 160 sikuiona, kwa sababu niliandika yote kwa mstari mmoja nikasoma jibu tu. Jibu nililolitaka.

Sijamwambia mtu.

Alhamisi, 13 Machi
Bado sijasema. Mwoga.

Ijumaa, 14 Machi
Nimemwambia meneja. Alifunga mlango. Wakaguzi wanakuja wiki ijayo, akasema, na maabara iliyokosea ni mbaya kuliko mwendeshaji aliyekosea. Nikasema nitawaeleza wakaguzi mwenyewe. Akaufungua mlango. Kisha: "Sawa. Tutamrudisha. Nenda umwambie wewe."

Jumamosi, 15 Machi
Mtaa wa Landless, nyumbani kwa Mama Nekesa. Alikuwa anafua. Nilieleza vibaya, nikalia, mwishowe nikamwonyesha. Alikishika kikokotoo kwa mikono yenye povu. Mia moja, log: mbili. Mia moja, ln: nne nukta sita. Akarudia mara tatu.

"Haki ya Mungu. Watu wa kanisa nimewaambia nilifutwa juu ya moto. Sasa niwaambie ni kitufe?"

Alicheka peke yake. Halafu akasema, "Lakini nilikuambia."

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Jumapili, 23 Machi
Ruiru, mtaa wa Membley, kwa dada yangu. Sikwenda kanisani.

Wakaguzi walipewa karatasi iliyosahihishwa. Mama Nekesa alirudishwa Jumatano, lakini kama kibarua, kuosha chupa. Mashine ilikuwa imeshapewa mtu mwingine. Utaratibu, anasema meneja. Nilikwenda kwake mara mbili kulalamika. Mara ya pili hakuniambia niketi.

Mimi nimepewa barua ya onyo. Moja. Maabara bado ni yangu, kwa sababu nina digrii.

Dada anasema nilifanya jambo la haki, nile. Nimekula.

Kesho naingia saa mbili. Mama Nekesa atakuwa ameanza kuosha tangu saa kumi na mbili.