Kifaru cha Namba Tatu

Jumatatu, 10 juin 2024
Simulateri imewaka bila kukwama! Vifaru vinne vya kuigiza ndani ya nyumba moja ya mtaa wa Keshero — viti vya plastiki, ekrani, redio. Hakuna chuma, hakuna risasi. Programu yangu inamwonyesha kila komanda wenzake wako wapi: buluu ni wetu, nyekundu ni adui. Wakubwa wa jeshi wanakuja Ijumaa. Wataichukua programu, najua.

Jumanne, 11 juin
Muzee Baharanyi amefika kutoka Katoyi kutujaribia. Amekuwa komanda wa kifaru miaka kumi na nane. Ananiita mama injenieri! Duru ya kwanza, redio tu: alipiga wenzake mara mbili. Ya pili, na ekrani: hata mara moja! Niliruka kama mutoto. Halafu Muzee akasimulia — zamani, ndani ya ukungu, alitoa amri wapige kifaru kimoja. Kilikuwa cha rafiki yake Célestin.
"Kama ningekuwa na hii, mama..."

Jumatano, 12 juin
Duru tisa. Makosa sifuri!

Alhamisi, 13 juin
Leo niliharibu rezo ya mawasiliano makusudi, ikatike-katike kama kule milimani. Kifaru kikatokea mbele ya Muzee. Kwenye ekrani, hapo hakuna buluu. Mwingine angepiga. Yeye akatoa kidole kwenye kitufe cha kupiga, akashika redio: "Namba tatu, uko wapi?"
Namba tatu ni Modeste, fundi wetu. Akajibu: niko mbele yako, Muzee.
Ekrani ilichelewa sekunde kumi na moja, na haikusema kwamba imechelewa! Nitaitengeneza, naweza — lakini ni kazi ya wiki mbili. Patron Evariste, mukubwa wetu wa kazi, anasema kesho tuonyeshe na rezo nzuri, nani atauliza?

Ijumaa, 14 juin
Wageni watano wa jeshi. Duru mbili, sifuri, makofi! Kisha kanali wao akamuuliza Muzee: mutoto wako ungemwingiza vitani na kitu hiki?
Muzee akavua kaske ya masikio. "Mon colonel, uliza huyu mama aliyeitengeneza."
Wote wakanigeukia. Patron akanikazia macho. Nikasema: kanali, kaa wewe mwenyewe kwenye kiti cha Muzee, duru moja tu.
Niko kwenye meza yangu, naandika huku duru inaenda. Nimeweka rezo mbovu. Patron ameiona, amesimama. Modeste anasogea mbele ya kanali, buluu yake imebaki nyuma. Kanali anacheka, ameona kifaru. Redio iko karibu na mkono wake. Kidole kiko kwenye kitufe cha kupiga —