Vidole Viwili vya Kitambaa

Papa wangu mpendwa,

Tangu tukuzike, msimu mzima wa mvua umepita, na mashini yako ya kushona naiendesha mimi. Wateja wanasema nina mkono wako ila sina kelele zako. Nakuandikia kwa sababu leo asubuhi nimelitungua lile koti nyuma ya mlango, nikakumbuka tulivyotuma barua Ulaya kwa mara ya kwanza, mimi na wewe, na jinsi nilivyokukasirikia.

Baada ya Mama kufariki tulibaki watatu katika nyumba yetu ya mtaa wa Nyalukemba: wewe, mimi na kaka yangu Deo. Ulitaka Deo arithi mashini. Yeye akapata, kwa msaada wa mapadri, nafasi ya kusoma Ubelgiji. Mligombana siku tatu, mwishowe ukamwambia, "Kama unaenda, enda. Lakini usirudie kupiga hodi kwangu." Aliondoka amevaa suti uliyomshonea mwenyewe, na nikamsindikiza peke yangu. Baada ya miezi michache barua yake ilifika kutoka Liège. Ilikuwa na salamu nyingi na swali moja: "Papa, siku nikirudi, utanifungulia mlango?" Uliisoma umesimama, ukaitia ndani ya daftari lako la vipimo, ukaendelea kushona.

Mwaka mzima hukumjibu. Nilikuambia kwamba mtoto akikunyea kiganja hukikati. Ukasema, "Huyu hakunyea mukono. Huyu alikimbia na mukono."

Kisha yakaja mambo ya majina na mavazi. Nchi aliyoiacha Deo ilikuwa Kongo, sasa ikawa Zaire. Majina ya ubatizo yakakatazwa, suti na tai pia, na mahali pake ikaja abakosti, koti la kuvaliwa bila tai. Wengine walinung'unika. Wewe ulikuwa mtu wa chama cha Raisi, ukafurahi, tena kazi ilikuwa tele. Wanaume walipanga foleni barazani na suti zao ili uzigeuze, nawe ulikata zile kola kana kwamba ziliwahi kukutukana. Ulikuwa Pascal, ukawa Mugisho. Mimi ukanipa Nsimire. Na Deogratias, ambaye hata hakuwepo, ukamwita Bisimwa, jina la baba yako. Ukatangaza kwamba atakayetaja Deo ndani ya nyumba atalala njaa. Nililala njaa mara mbili. Sikufikiri hata siku moja kwamba mtu aliyemfukuza mwanawe hahangaiki kumtafutia jina.

Siku moja ulifungua daftari kutafuta mabega ya mteja fulani. Barua ya Deo ikaanguka chini, na ukurasa wa vipimo vyake ukabaki wazi mbele yako. Uliutazama mpaka mteja akakohoa. Alipoondoka ukaniita.

"Leta karatasi. Weye ndiye uko na mwandiko muzuri."

Nilikaa na kalamu. Ukasema, "Andika: tuko wazima. Mashini iko muzima. Mvua inanyesha." Ukazunguka chumba. "Andika: tuma vipimo vyako. Mabega, kifua, kiuno, mikono. Vyenye niko navyo viko vya zamani." Nikangoja yaliyobaki.

"Ni vile tu. Funga."

"Papa, aliuliza juu ya mulango."

"Miye niko fundi wa nguo. Siko fundi wa mulango. Funga."

Hapo ndipo nilipokukasirikia. Mtoto anaomba msamaha, baba anamwomba kiuno. Ulipotoka kwenda kunywa maji, nikaongeza chini kabisa, kwa herufi ndogo: Papa anakungoja. Nikafunga bahasha kabla hujarudi. Juu yake ukaniamuru niandike Bisimwa Mugisho, kwa herufi kubwa, nami nikatii.

Hakuna kati yetu aliyewahi kutuma barua nje ya nchi. Ulivaa abakosti ya Jumapili, ukaibeba bahasha mpaka posta ndani ya kitambaa safi isije ikachafuka. Karani alikuwa mama mwenye miwani. Aliipima barua kwenye mizani yake ndogo, akakupa stempu yenye sura ya Raisi. Uliigeuza pande zote mbili.

"Maman, hii inabandikwa namna gani?"

"Unailamba kwa nyuma, papa."

Ukasema, tena kwa sauti, kwamba mtu mwenye heshima hawezi kumlamba Raisi mgongoni. Foleni nzima ikatazama sakafu. Yule maman akakusogezea sponji yenye maji. Njiani kurudi ulichangamka, ukaniuliza kama barua itakuwa imefika Kamanyola, kwenye njia ya Bujumbura.

Baada ya miezi mitatu ilirudi, imepigwa muhuri mwekundu: hajulikani. Nilidhani Deo amekufa. Nadhani nawe ulifikiri hivyo, maana uliisukuma dirishani kwa karani bila salamu. Yeye aliisoma bahasha polepole.

"Papa, huyu Bisimwa iko nani?"

"Iko mutoto wangu."

"Nasikia. Lakini siku alienda, alienda na jina gani?"

Kwenye pasi yake alikuwa Deogratias Pascal, jina lake la ubatizo na lako. Kule Liège hakuna aliyemjua Bisimwa. Hata Bisimwa mwenyewe alikuwa bado hajaambiwa.

Nyumbani uliifungua ile bahasha kwa mkasi wako. Nikakuona unafika chini ya karatasi, kwenye herufi zangu ndogo.

"Hii nani aliandika?"

"Ni miye, Papa."

Nilishajiandaa kwa kofi. Uliisoma tena, ukasema, "Iko kweli. Wacha ibakie." Kisha ukachukua kalamu na bahasha mpya, ukaandika wewe mwenyewe, kwa mkono wako mzito: Deogratias Pascal. Usiku huo nilikupakulia chakula nikacheka, nawe ukajua ninacheka nini.

Jibu lilikuja kabla ya Pasaka. Deo alikuwa amejipima kwa kamba ya kiatu, kisha akaipima kamba kwa rula. Ulisoma vipimo vyake ukatikisa kichwa. "Kiuno kimeisha. Kule hawamupatie bugali." Ukamshonea abakosti ya kijivu, kitambaa ulichokuwa umekificha hata mimi nisikione, na katika kila mshono ukaacha ndani kitambaa cha ziada, upana wa vidole viwili. Atarudisha mwili, ulisema. Ukaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Nilipouliza kwa nini usiiweke kabatini, ulinijibu, "Aliuliza juu ya mulango. Akiingia akifunga, ataiona."

Barua zikaenda na kurudi miaka yote ile. Masomo yakawa kazi, kazi ikawa mke, na kila mwaka alisema mwaka ujao. Wewe ulilipangusa koti vumbi kila Jumamosi mpaka ile Jumamosi ya mwisho. Inaniuma kwamba hamkuonana. Sitasema haiumi. Lakini alijua kwamba unamngoja, na wewe ulijua kwamba anajua, na hilo lilisafiri kwa posta.

Sasa sikiliza, Papa. Deo anakuja. Atashukia Bujumbura na kupanda kwa njia ya Kamanyola, Ijumaa atakuwa hapa na mke wake. Ametuma vipimo vipya, safari hii kwa metre ya kweli ya fundi, na ungeviona ungecheka mpaka ukae chini: amenenepa kama mfanyabiashara. Leo asubuhi nimefumua mishono yako, nikakuta ndani mstari wako wa chaki haujafutika. Nimekaa nao kidogo kabla ya kutia uzi.

Ijumaa mlango nitaufungua mimi. Pumzika, Papa. Vidole vyako viwili vimetosha.

Binti yako,
yule aliyelala njaa mara mbili