Kidonda cha Mjomba Kimekauka

Dada Koku, shikamoo. Huku Ilemela upepo wa ziwa unapoza mchuzi wa sato kabla hujakata tonge la pili, lakini leo mimi sikula vizuri.

Wiki iliyopita mbwa wa jirani alimng'ata Mjomba mguuni. Mjomba alimkata manyoya mbwa huyo huyo, akayachoma, akapaka jivu kwenye kidonda kama wafanyavyo wengi. Leo tukiwa mezani tumesikia mbwa amekufa akitokwa na mapovu.

"Kidonda kimekauka," Mjomba akacheka. "Daktari wetu wa kidato cha tatu, unalia nini?"

Unajua ninavyoogopa kusema mbele ya wakubwa. Lakini nikasema: virusi vya kichaa cha mbwa huingia kwenye seli na kuzifanya zitengeneze virusi vingine, kisha hujificha ndani ya mishipa ya fahamu, ambako kinga ya mwili haivioni, vikipanda polepole hadi ubongoni. Vikifika huko hakuna dawa.

Mjomba akanawa mikono bila kumaliza ugali. "Haya, twende."

Amechomwa chanjo ya kwanza. Muuguzi anasema huenda tumewahi, ila mgonjwa akianza kuogopa maji, basi. Tumekaa kwenye benchi la hospitali, Mjomba anakunywa maji ya chupa, nami namtazama kila anapomeza.

"Ukinitazama hivyo nitapaliwa," ananiambia.

Nakukumbuka sana, dada. Muombeeni huko nyumbani. Amemaliza chupa, naenda kumnunulia nyingine.

Mdogo wako,
Kemi